Nzi Mweusi wa Posa Yangu

Katika siku zote nilizokaa kando ya mto, iko moja ambayo nikiikumbuka hucheka na kununa kwa pamoja: siku shangazi yangu Tabitha alipomnyang'anya mchumba wangu kisanduku chake cha nzi, akakiweka juu ya jiwe, akakikalia. Kisanduku kilikuwa cha bati, na shangazi alikuwa mwanamke wa kushiba. Kilipobonyea tulisikia sote, hata baba yangu aliyekuwa ng'ambo ya mto akisubiri kuona kama ataniozesha au hataniozesha.

Nitakusimulia yote, mwanangu, usinihimize. Ila ujue kwanza kilichonichokoza. Juzi wajukuu zangu walirudi kutoka mtoni suruali zimelowa hadi magotini, hawana hata samaki wa kumwonyesha paka. Mkubwa wao, binti mwenye akili zake na simu yake, alinimwagia nzi wangu mezani akasema, "Bibi, hawa hawafai. Tumewajaribu wote."

Wote! Asubuhi moja! Nzi niliowafunga masika nzima kwa macho haya ambayo siku hizi hutafuta tundu la sindano kwa kupapasa. Nikamuuliza kila nzi alikaa majini kwa muda gani. Akanitazama kama nimemuuliza umri wa mlima.

Basi nikaona niandike, maana nimechoka kusema.

Kwa wewe ambaye hujawahi kuvua kwa njia hii, nikueleze taratibu, si kosa lako kutojua. Mito yetu ya juu huku Usambara, ile inayotoka msituni ikiwa baridi ya kuuma meno, ina samaki aitwaye trauti. Wageni walimleta zamani, akazoea, akawa mwenyeji kama kabichi zetu. Chakula anachokipenda ni wadudu wadogo, wale wanaoishi chini ya mawe na wale wanaodondokea majini. Kwa hiyo mvuvi huchukua ndoano ndogo, akaizungushia uzi na manyoya ya kuku mpaka ifanane na mdudu. Huyo ndiye tunayemwita nzi. Hana nyama wala harufu. Alicho nacho ni sura yake, na mkono wako unaomrusha. Ukimchagua vibaya, samaki hamtaki. Ukimchagua vizuri kisha usimwamini, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu utamlaumu asiye na kosa na utarudi nyumbani bila kujifunza lolote.

Mimi nilijifunza kufunga nzi nikiwa msichana, nilipokuwa nikifua mashuka kwenye nyumba moja ya wageni juu ya Lushoto. Mama mmoja mgeni alikaa pale wakati wa mvua ndefu, na mvua ilipomzuia kutoka alinifundisha kazi hiyo kibarazani. Uzi nilipewa na fundi cherehani wa sokoni, vipande vya mwisho wa kibiringo. Manyoya niliyapata kwa jogoo wa mama. Ikafika mahali jogoo yule akiniona tu anapanda juu ya banda.

Pale pale ndipo nilipokutana na Zakaria, kijana wa Mgwashi, aliyekuwa akiwapeleka wageni mtoni na kuwabebea fimbo zao za kuvulia. Kila mgeni aliyeondoka alimwachia nzi mmoja au wawili: wekundu, wa njano, wenye nyuzi za kumeta kama kwaya siku ya Krismasi. Aliwapanga kwenye kisanduku cha bati na kuwafungulia kila mtu awaone. Wangu, wa manyoya ya jogoo wa nyumbani, aliwaweka pembeni kwa heshima, kama mtu anavyomkalisha mgeni asiyemtarajia. Nilimpenda hivyo hivyo. Ujana una mambo.

Alipoleta posa, baba alinyamaza siku nyingi. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa kabichi na mapeasi, na kwake mtu aliyesimama mtoni wakati wenzake wanapalilia maharage alikuwa mvivu mwenye maelezo. Tena liko neno lililomkera zaidi. Zakaria alikuwa amesema mbele ya watu kwamba trauti bado wamo katika mto wetu. Baba aliamini kwamba walikwisha zamani, tangu watu walipolima hadi kingoni na maji kuanza kugeuka tope kila mvua inyeshapo. Akamwambia mshenga:

"Mwambie kijana aje Jumamosi. Anionyeshe samaki mmoja wa mto ule, kwa macho yangu. Akiwepo, tutazungumza. Asipokuwepo, basi kijana amesema uongo, na mtu anayedanganya kuhusu samaki atadanganya na kuhusu shamba."

Mshenga alirudi na maneno hayo polepole, kama amebeba mayai.

Asubuhi ya Jumamosi nilimpa Zakaria nzi mweusi mdogo niliyemfunga usiku wa kuamkia siku ile. Sikumchagua kwa ndoto. Wiki ile nzima, kila nilipokwenda kuchota maji, niligeuza mawe mawili matatu mtoni, na chini ya kila jiwe nilikuta vidudu vyeusi vimejishikiza. Samaki anakula kilichopo mezani. Nikamwambia, "Huyu." Akasema, "Asante, Naomi," akamweka pembeni.

Tukashuka mtoni watu wanne: baba, Zakaria, mimi na shangazi Tabitha, dada yake baba, maana msichana hakwenda mtoni na mchumba wake bila shangazi. Shangazi alibeba sufuria ya viazi na maharage iliyofungwa kwenye kanga. "Samaki akipatikana tutamla," alisema. "Asipopatikana tutakula hivi hivi. Mimi sina posa hapa."

Baba alivuka kwenye mawe, akakaa ng'ambo, amevaa koti lake la Jumapili na kofia.

"Shikamoo, mzee," Zakaria alimwamkia.

"Marahaba. Samaki wako wapi?"

Hiyo ndiyo salamu aliyopewa, na nadhani ndiyo iliyomharibu mkono. Alifungua kisanduku, akatoa nzi mwekundu, akamrusha mara tatu nne. Kimya. Akamkata, akamfunga wa njano. Kimya. Akamkata huyo naye, akamfunga wa kumeta. Mara akamkumbuka mweusi wangu. Akamrusha mara moja tu, mara moja, mwanangu, kisha akamkata akamrudia mwekundu. Baba alitoa saa mfukoni, akaitazama, akairudisha. Heri angetukana.

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Unamwona mtu ameinua hili, ameshusha lile, anapima mpini, anagonga bapa kwa kidole, na jua linapanda na shamba halijaguswa. Zakaria alikuwa amefika hapo. Na kuna hasara nyingine ambayo wajukuu zangu hawaioni. Ncha ya mshipi wa kuvulia, ile iliyo nyembamba ambayo samaki haioni, unaikata kidogo kila unapobadilisha nzi. Bandu bandu huisha gogo. Kabla jua halijafika katikati, ncha yake ilikuwa imebaki fupi kama kidole, imejaa mikwaruzo.

Kisha akafanya jambo ambalo sidhani mtu asiye mkulima wa huku kwetu angelifanya kwa imani kubwa namna ile. Alifunga nzi watatu kwenye mshipi mmoja: mwekundu, wa njano na wa kumeta. Wako wavuvi hodari wanaoweza kuvua na watatu. Yeye siku ile hakuwa mmoja wao. Lakini tazama mashamba yetu utamwelewa. Kipande kimoja cha mteremko kina mahindi, maharage, viazi na migomba pembeni, ili mvua ikikataa hiki, kile kipone. Ndivyo tulivyolelewa. Baba aliona toka ng'ambo akatikisa kichwa kwa kuridhika, mara ya kwanza siku ile.

"Hapo ana akili," akasema kwa sauti.

Mto hauendi kwa sheria za shamba. Wale nzi watatu walijifunga wenyewe kwa wenyewe, kisha wakajifunga kwenye kichaka, na walipotolewa kichakani mmoja akajipachika mgongoni mwa shati la Zakaria. Akawa anajizungusha kumtafuta kama mbwa anayefukuza mkia wake. Baba aliacha kuridhika.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ukingoni nikipiga kelele. "Weka mweusi! Si hapo, kule kwenye kivuli! Hebu jaribu yule wa kahawia! Aa, mrudishe mweusi!" Kila nilichosema alikifanya nusu, na kila alichokifanya nusu nilikipinga. Shangazi alikuwa akimenya kiazi. Alikiweka chini, akajifuta mikono, akaanza kuzungumza Kishambaa peke yake, kwa sauti ya chini. Tuliolelewa naye tulijua dalili hiyo. Akashuka hadi kwenye maji.

"Zakaria mwanangu, hicho kisanduku nipe."

"Shangazi, bado kidogo, kuna mmoja hapa wa—"

"Nipe."

Akampa. Hapo ndipo alipokiweka juu ya jiwe na kukikalia.

"Shangazi!"

"Nimechoka kusimama. Naomi, njoo hapa. Wewe ndiye fundi wa vitu hivi, au nilidanganywa?"

"Ni mimi, shangazi."

"Samaki wa mto huu wanakula nini leo?"

Niliingia majini, nikageuza jiwe, nikamletea. Vidudu vilikuwa vikitambaa juu yake.

"Vina rangi gani?"

"Vyeusi."

"Na nzi uliyempa mwenzio?"

"Mweusi."

"Sasa huyo wa kahawia uliyekuwa ukimpigia kelele ametoka wapi?"

Niliviinamia vile vidudu.

"Umemfunga mwenyewe. Umemchagua kwa sababu, tena sababu nzuri, ninaiona hapa inatembea. Mwenzio amemrusha mara moja tu na wewe tayari umemkana kama hujawahi kumwona. Kama wewe humwamini, yeye amwamini kwa lipi?"

Akamgeukia Zakaria. "Na wewe unapanda mbegu Jumatatu, Jumatano unazifukua uone kama zimeota."

Toka ng'ambo tulimsikia baba akicheka kwa pua.

Shangazi alinyanyuka kidogo tu, akaingiza mkono kwenye bati lililobonyea, akamtoa nzi mweusi, akakaa tena. "Huyu hapa. Ni mmoja. Akipotea, tutakula viazi vyetu twende nyumbani, na posa utaipeleka kwingine. Naomi, kaa kule nyuma na ufunge mdomo. Ukiufungua, nitakukalia na wewe."

Zakaria alimfunga nzi yule. Na hapa, mwanangu, ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Mtu ambaye hana nzi mwingine wa kumfikiria, macho yake hupata nafasi. Alisimama akautazama mto kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaona kivuli chake mwenyewe kimelala juu ya maji matulivu, pale pale alipokuwa akimtafuta samaki. Akarudi nyuma, akashuka chini kidogo, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya posa. Akaona pia kwamba mkondo wa kasi ulikuwa ukiuburuta mshipi wake, na mshipi ukimburuta nzi, kama mbuzi anayevutwa kamba kwenda asikotaka. Hakuna mdudu anayesafiri hivyo. Akaanza kumrusha juu, upande maji yanakotoka, na kumwacha ashuke mwenyewe.

Alirusha, akarusha tena. Mimi niliuma ukosi wa gauni langu.

Mara kivuli kirefu kikapanda kutoka chini ya jiwe. Kikaja hadi chini ya nzi, kikasimama, kikageuka, kikazama. Sote tulikiona isipokuwa baba, aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu. Zakaria aligeuka kumtazama shangazi, mkono umenyooka kuelekea kisanduku. Shangazi alijikalisha vizuri zaidi juu ya bati.

Nami niliona alichokosea, na ilinilazimu kuziba mdomo kwa mikono yote miwili: nzi alipofika mwisho wa maji matulivu, mshipi ulikuwa umemshtua kidogo tu. Nikamwona Zakaria akitazama mahali pale, akifikiri. Akasogea hatua moja. Akarusha juu zaidi, akaulegeza mshipi. Nzi akashuka polepole, kama kitu kisicho na mwenyewe.

Maji yakapasuka.

Baba alisimama kiatu kimoja kikiwa wazi. Fimbo ilipinda. Samaki alikwenda juu, akaja chini, akaruka hewani tukamwona mwili mzima, madoa yake na yote, kisha akakimbilia ng'ambo, kwenye maji mafupi mbele ya baba. Na hapo ncha ya mshipi, ile iliyokatwa asubuhi nzima, ikakatika. Zakaria alibaki ameshika fimbo iliyonyooka. Sijasahau uso wake.

Ndipo mzee wa kanisa, mtu aliyesema samaki wamekwisha, alipojitupa mtoni na koti lake la Jumapili. Alianguka kifudifudi, akainuka amekumbatia kitu kinachopiga mkia, akakitupa nchi kavu, akakifuata kwa magoti akakilalia.

"Wapo!" alipiga kelele. "Tabitha! Wapo!"

Zakaria alivuka mbio, maji yakimfika kiunoni. "Baba! Umeumia, baba?"

Baba alimtazama kijana, akamtazama samaki, ambaye pembeni mwa mdomo wake alikuwa bado na nzi mweusi. Kisha akatazama chini ya mto, ambako kofia yake ilikuwa inakwenda zake.

"Kwanza niletee kofia yangu," akasema, "ndipo uniite baba."

Zakaria alikimbia na kofia ile hadi kwenye daraja la miti. Shangazi akafungua sufuria.

Tangu siku ile hadi anazikwa, baba yangu alisimulia kwamba samaki wa posa ya Naomi alimvua yeye, kwa mikono yake, wakati vijana wanacheza na manyoya. Alisimulia sokoni na kwenye vikao vya usharika. Nilipojaribu kutaja nzi alimwambia kila mtu kwamba mimi nilikuwa mbali sioni. Na Zakaria, mume wangu, unadhani alipona? Ana kisanduku kikubwa kuliko kile. Ninapoandika haya amenyoosha shingo anasoma begani kwangu, anasema niongeze kwamba yule wa njano siku ile alikaribia kufaulu. Sitaongeza.

Sasa nikupe nilichokusudia kukupa. Kabla hujafungua kisanduku, geuza jiwe. Uone kilichopo mezani pa samaki, kisha uchague kwa sababu unayoweza kuitamka kwa mdomo, si kwa sababu kinameta. Ukishachagua, mpe nzi wako nafasi ya kufanya kazi. Samaki asipokuja, jiulize kwanza kuhusu kivuli chako, mkono wako na mahali uliposimama, maana hivyo ndivyo vinavyokosea mara nyingi na havikai kisandukuni. Samaki akija akageuka, rekebisha mkono umrushe tena. Ukisharekebisha yote, naye akaendelea kuja na kugeuka, hapo badilisha bila aibu. Kumwamini nzi si kumwabudu. Lakini badilisha kwa sababu umeona jambo, usibadilishe kwa sababu una wasiwasi na baba mkwe ana saa.

Na ukiona maneno haya yanafaa kwenye mbegu, kwenye kazi au kwenye mtu uliyemchagua, sitakukataza. Kama wewe ndiye uliyesimama ukingoni, na mwenzio yuko majini na kitu ulichompa wewe, mwache afanye kazi. Kelele zako ndizo kisanduku chake cha pili.

Wajukuu zangu wanashuka tena mtoni kesho. Nimewapa nzi mmoja, nimebaki na wengine kwenye mfuko wa aproni. Wamenuna, na wanune.

Nawe, mwanangu, Mungu akupe mto wenye maji safi na mkono mtulivu. Akupe macho ya kuona kilicho chini ya jiwe. Na siku utakapokuwa na vingi vya kuchagua na moyo usiotulia, akuletee karibu shangazi mmoja mnene, aliyechoka kusimama.